Mwalimu amerejea katika baridi ya Njombe. Deni lake tumeliweka wapi?

Wiki ya kwanza ya mwezi wa Julai, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka, tulikwenda stendi ya mabasi mjini Njombe kumpokea mwalimu wetu wa madrasa. Saa tatu ya usiku ilikuwa imekwisha kupita. Ukungu ulikuwa umetanda mpaka usawa wa taa, na vijana wapiga debe walikuwa wakiota moto wa maboksi kando ya uzio. Basi lilipoingia, abiria walishuka mmoja mmoja wakijikunyata. Mwalimu alikuwa wa mwisho. Alivaa kanzu na juu yake koti zito la mtumba. Mkono mmoja ulishika begi, wa pili mfuko wa nazi alizotuletea kutoka kwao Tanga. Alitusalimia kwa bashasha kama ilivyo desturi yake, akamuuliza kila mmoja wetu hali ya nyumbani kwake. Nasi tulimjibu, lakini macho yetu yalikuwa mlangoni mwa basi. Hakushuka mtu mwingine nyuma yake.

"Mama watoto na wajukuu zangu wako wapi, Ustadhi?" aliuliza mzee mmoja wa kamati.

"Wamebaki kwa bibi yao, mzee wangu. Baridi hii na kifua cha mtoto haviendani. Ikipungua tutaona, Insha'Allah."

Neno hilo "tutaona" lilituingia moyoni. Tulijua kwamba baridi ni sababu, lakini si sababu peke yake. Mwalimu alikuwa ameondoka mwanzoni mwa Juni akitudai posho ya miezi mitatu, na usiku ule, tukimbebea begi kuelekea nyumbani kwake, hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kulitaja jambo hilo.

Makala haya hatuyaandiki kumsifu mtu wala kumwaibisha mtu. Mwalimu tumemwomba ruhusa, naye ameturuhusu kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Tunaandika kwa kuwa tunaamini misikiti mingi ya nyanda za juu ina mwalimu kama huyu, na ina kamati kama sisi.

Baridi isiyojulikana pwani

Ndugu msomaji uliyeko Dar es Salaam, Tanga au Kilwa, huenda ukasema kwamba hata kwenu Julai kuna baridi. Ni kweli, pepo za kusi huvuma na watu hujifunika shuka. Lakini mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna usiku hushuka zaidi ya hapo. Katika mabonde hutanda sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza majani ya viazi yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Makambako, umbali wa kilomita 60 hivi upande wa kaskazini, iko chini kidogo kuliko Njombe, lakini upepo wake wa uwandani hupenya sweta mbili.

Katika baridi hii mwalimu huamka kabla ya adhana, akawasha moto wa kuni za miwati nyuma ya msikiti na kuteleka sufuria kubwa la maji. Maji hayo si yake peke yake. Wazee wanaokuja kuswali Alfajiri hutawadha kwayo, na watoto wa darsa la Jumamosi asubuhi pia. Kabla ya yeye kuja, wazee wetu kadhaa walikuwa wameacha kabisa kuhudhuria Alfajiri katika miezi hii, na sisi tulikuwa tumelizoea jambo hilo, tukidhani kwamba ndivyo uzee ulivyo. Yeye alitufundisha kwamba ni sufuria tu lililokuwa likikosekana.

Watoto amewafundisha fiqhi ya baridi kwa namna ambayo hawataisahau. Amewaeleza kwamba Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alihesabu kutimiza udhu wakati wa mashaka kuwa ni miongoni mwa mambo yanayofuta makosa na kuinua daraja. Lakini amewaeleza pia kwamba dini haikuja kuwaangamiza watu. Amewasimulia kisa cha Swahaba Amr bin al-As (r.a.), aliyekuwa kiongozi wa msafara wa vita vya Dhatu Salasil, akaamkia na janaba usiku wa baridi kali. Alihofia kwamba akioga atakufa, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), Amr alijitetea kwa aya inayokataza mtu kuiua nafsi yake, na Mtume akacheka wala hakumlaumu. Kisha mwalimu huwakumbusha: kisa hiki ni cha mwenye kuhofia madhara na asiyekuwa na njia ya kupasha maji. Mwenye sufuria na kuni hana udhuru huo. Masharti yake yamo katika vitabu vya fiqhi, na kila mmoja na amuulize mwalimu wake.

Liko pia suala la nyakati, ambalo alilikuta limetupotea. Waumini wengi hapa walikuwa wakifuata adhana ya redioni, na adhana hiyo huwa ni ya Dar es Salaam. Njombe iko magharibi na kusini zaidi. Katika mwezi wa Julai alfajiri yetu huchelewa kwa takriban dakika 20 kuliko ya Dar es Salaam, na jua letu huzama zaidi ya dakika 10 baada ya lao. Kwa hiyo mwenye kuswali Alfajiri mara tu redio inapoadhini huswali kabla ya wakati, na mwenye kufunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi akifuturu kwa adhana hiyo hufuturu jua halijazama. Tulikuwa katika hali hiyo kwa miaka, nasi ni watu tuliosoma. Mwalimu alibandika ratiba ya Njombe ukutani katika mwezi wake wa kwanza, na hakumdharau mtu yeyote.

Neno moja kwa akina mama na akina baba wa kurasa hizi, kabla hatujasonga mbele. Usiku wa kwanza baada ya kurejea, jirani alimletea mwalimu jiko la mkaa ili alale nalo chumbani. Alilipokea kwa shukrani, akaota moto, kisha akalitoa nje kabla ya kufunga mlango. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na mtu huweza kulala asiamke. Katika mikoa ya baridi msiba wa namna hii si jambo geni. Tafadhali, oteni moto mlango ukiwa wazi, na jiko lilale nje.

Daftari la mahudhurio

Siku ya kwanza ya masomo mwalimu alifungua daftari. Kabla ya likizo watoto walikuwa 64. Waliofika walikuwa 27. Baadhi yetu tulivunjika moyo, tukasema kwamba watoto wamepotea. Mwalimu alikaa kimya, akaandika majina ya wasiofika katika karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Kwa siku tano zilizofuata, baina ya Adhuhuri na Alasiri, alizunguka kwa miguu nyumba hata nyumba. Tulimsindikiza mara mbili, na tuliyoyaona yanafaa kuandikwa.

Kundi la kwanza la watoto lilikuwa mashambani. Huku kwetu mahindi huvunwa katika miezi hii, na mtoto wa miaka tisa ni mkono unaohesabiwa. Mwalimu hakuwagombeza wazazi. Aliinama akasaidia kukoboa magunzi mawili matatu huku akizungumza, akauliza mavuno yatakwisha lini, akaandika tarehe. "Basi siku hiyo namsubiri," alisema, na kweli wengi wao wamerejea.

Kundi la pili halikuwa na nguo. Madrasa huanza saa kumi jioni, na watoto hurudi nyumbani baada ya Magharibi, wakati baridi imekwisha kushuka. Mtoto mwenye kanzu moja nyepesi na kandambili hujificha nyumbani kwa aibu, kisha huambiwa kwamba ni mvivu. Sisi kamati tulikuwa na zulia jipya la kiblani, tulilolinunua kabla ya Ramadhani, lakini hatukuwa na sweta hata moja la mtoto. Aliyelitambua hilo ni mwalimu. Akina mama wa darsa la Alhamisi walichangishana, wakaenda mnadani kwenye mitumba, wakarudi na masweta 19. Kazi hiyo iliwachukua siku moja.

Kundi la tatu ndilo gumu zaidi. Mkoa wetu wa Njombe, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Iringa, unabeba mzigo mkubwa wa ugonjwa wa Ukimwi kuliko mikoa mingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa hapa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Dawa zipo na watu wengi wanaishi kwa afya njema, Alhamdulillah. Lakini yatima wa miaka iliyopita ni wengi, na wajukuu wanaolelewa na bibi ni wengi zaidi.

Tulifika kwa bibi mmoja wa Kibena, nje kidogo ya mji, anayelea watoto wawili wa marehemu binti yake. Baba yao alikuwa Mwislamu. Bibi mwenyewe ni Mkristo. Mwalimu alipiga hodi akamwamkia kwa lugha ya hapa, "Kamwene," naye bibi akaitikia kwa furaha akatutolea vigoda. Alieleza kwamba hakuwazuia watoto. Yeye alidhani kwamba mwalimu hatarudi, kwa kuwa watu wa pwani wakiionja Julai ya Njombe huwa hawarudi.

"Mimi nilimwahidi baba yao, alipokuwa kitandani, kwamba watasoma dini yake," alisema bibi. "Nimeitimiza. Kama mwalimu hayupo, nitawapeleka kwa nani?"

Tulirudi kimya njia nzima. Bibi asiye wa dini yetu alikuwa ametimiza ahadi yake kwa Mwislamu aliyekufa, na sisi wenye dini tulikuwa hatujatimiza yetu kwa mwalimu aliye hai. Mfukoni mwa koti lake mwalimu alikuwa na viazi vitano vya kuchemsha ambavyo bibi alimpa kwa ajili ya njiani. Watoto wale wawili walikuwa mkekani siku iliyofuata.

Jumatano, Makambako

Kila Jumatano asubuhi mwalimu hupanda basi dogo kwenda Makambako. Mji huo ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo, ya Njombe na Songea huanzia hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, hupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mpaka kuikuta barabara hapo. Palipo na njia panda huwepo wafanyabiashara, na palipo na wafanyabiashara huwemo Waislamu kutoka kila upande wa nchi. Watoto wao husoma katika shule za sekondari ambazo hazina mwalimu wa dini yao. Serikali imeweka nafasi ya kipindi cha dini. Kumleta mwalimu ni kazi ya jamii yenyewe. Mahali ambapo jamii haikumleta, kipindi hupita watoto wa Kiislamu wakiwa wamekaa chini ya mti.

Mwalimu wetu ana vijana kumi na mmoja wa Kidato cha Nne wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, utakaofanyika Novemba. Baada ya likizo aliwakuta wamesahau mada mbili nzima. Wengine walikuwa wameutumia mwezi mzima wakipakia mbao kwenye malori na kushusha magunia ya viazi stendi, ili wapate pesa ya matumizi. Aliwapa jaribio siku ile ile ya kwanza. Walipofanya vibaya hakuwakaripia. Aliwaongezea saa moja baada ya masomo, na saa hiyo ikamkosesha basi la mapema. Siku hizo hufika Njombe baada ya Isha. Madrasa ya Jumatano jioni huendeshwa na wanafunzi wakubwa wawili aliowazoesha yeye, mmoja wao binti wa miaka kumi na saba.

Nauli ya Makambako hulipa mwenyewe. Jambo hili tulilijua baada ya kumuuliza, na tulimuuliza mwezi wa saba, ilhali amekuwa akienda tangu mwezi wa pili. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwa upole kwamba aliona kamati ina mambo mengi.

Mwezi tulioshika ubao sisi

Ili madrasa isifungwe kabisa wakati wa likizo, sisi katika kamati tuligawana zamu kwa ajili ya watoto waliobaki mjini. Zamu ya ukatibu ilikuwa Jumatatu na Jumanne. Tulikwenda kwa kujiamini. Tumesoma chuo cha Kiislamu, tuna cheti kimetundikwa sebuleni, na mara kadhaa tumewahi kusimama mimbarini. Tulidhani kwamba kumsomesha mtoto Juzuu Amma ni jambo jepesi kwa mtu aliyesoma.

Siku ya kwanza sauti ilitukauka kabla ya Magharibi. Mtoto mmoja hatofautishi haa na khaa. Ukimsahihisha, wa nyuma yake wanacheka. Ukiwanyamazisha hao, wa mbele amekwisha kufunga msahafu. Mtoto wa miaka minne alijikojolea kwa baridi, akalia. Hatukujua la kufanya mpaka binti yule mkubwa alipomchukua, akamfunga khanga, akamkalisha karibu na moto na kuendelea kumsomesha kama kwamba hakuna lililotokea. Siku ya tatu tulitafuta udhuru. Siku ya nne tulituma mtu mwingine.

Tunalisema hili kwa sababu katika kikao cha Mei sisi ndio tulioandika katika kumbukumbu kwamba kazi ya mwalimu ni ya saa tatu kwa siku, na kwamba posho ya shilingi laki moja na nusu kwa mwezi inatosheleza. Maneno hayo yapo, kwa mwandiko wetu. Baada ya kushika ubao kwa siku tatu tuliyasoma tena, tukaona aibu.

Deni si zaka

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Miezi mitatu ni shilingi laki nne na nusu. Halikuzuka kwa sababu ya khiyana. Hakuna aliyekula pesa ya msikiti. Lilizuka kwa namna ambayo madeni ya misikiti mengi huzuka: Aprili tulilipa umeme kwanza, Mei tulitengeneza bomba la maji lililopasuka, Juni tukasema kwamba mwalimu anakwenda likizo hivyo atasubiri. Kila mwezi tulikuwa na sababu njema. Bomba halisubiri na umeme hausubiri. Mwalimu husubiri kwa kuwa ana imani na haya. Tuliifanya haya yake kuwa hazina yetu.

Katika kikao cha Julai lilitolewa pendekezo ambalo wengi wetu tulilikubali papo hapo. Mavuno yameingia, wakulima watatoa zaka ya mahindi: anayevuna kiasi cha nisabu, yaani wasaki tano, ambazo wanavyuoni wengi wa leo hukadiria kuwa zaidi kidogo ya kilo 650, hutoa sehemu moja ya kumi ikiwa shamba lilinyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo ikiwa alimwagilia kwa gharama. Kwa hiyo, ilisemwa, mwalimu na alipwe deni lake kwa mahindi ya zaka. Yeye si tajiri, na wenye kustahiki zaka ni pamoja na mafakiri na masikini.

Mwalimu alikuwepo, kwa kuwa tulimwalika. Aliomba ruhusa ya kusema. Hakupandisha sauti.

"Ndugu zangu, mkiona kwamba mimi ni masikini na mkanipa zaka kama mnavyowapa masikini wengine, nitapokea na nitawaombea dua. Lakini mkinipa zaka na mkafuta jina langu katika daftari la deni, mtakuwa mmelipa deni lenu kwa mali ya bibi zetu wanaolea yatima. Hiyo siiwezi kuipokea."

Kikao kilinyamaza. Kisha mzee yule aliyempokea stendi alisema kwa Kiswahili chake cha kibiashara kwamba mwalimu amesema kweli na sisi tumekosea. Wanavyuoni wako wazi katika hili: zaka haiwi ujira, na mwenye kudaiwa hawezi kuitumia kujiondolea wajibu uliomkalia shingoni. Tulikuwa tumelisoma chuoni. Tumepata kulifundisha hata mimbarini. Lakini linapokuja suala la pesa zako mwenyewe, elimu hulala usingizi.

Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ndugu wanakamati wa misikiti yote, hadithi hii haikumtoa mwajiri wa mwalimu wa Qur'ani. Wako wanaosema kwamba mwalimu wa dini na afanye kazi kwa ajili ya Allah. Nasi tunauliza: kwani fundi wa bomba tulimwambia hivyo?

Tulichoazimia

Kikao kile hakikumalizika kwa maneno matupu, Alhamdulillah. Kwanza, wanakamati tisa tuligawana deni lote mifukoni mwetu, shilingi elfu hamsini kila mmoja, kwa kuwa sisi ndio tuliolimbikiza. Lililipwa ndani ya siku kumi na nne. Wawili miongoni mwetu walilazimika kuuza viazi kabla ya bei kupanda, na hawakunung'unika.

Pili, katika daftari la mapato ya Ijumaa, mstari wa kwanza wa matumizi sasa ni mwalimu na nauli yake ya Makambako. Umeme ni mstari wa pili. Tanki likitoboka, tutachota ndoo.

Tatu, tumerejea katika jambo ambalo wazee wetu wa pwani walilifahamu vyema. Misikiti mingi ya kale ya pwani na visiwani ilikuwa na wakfu wa minazi: mti haukuuzwa, nazi zake ndizo zilizotengeneza paa na kumlisha imamu. Asili yake ni kongwe. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaibar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka matunda yake. Sisi huku hatuna minazi, lakini Allah ametupa udongo wa parachichi. Mzee mmoja ametoa eka moja nje ya mji kuwa wakfu wa mwalimu, hati zinaandikwa, na mvua za mwisho wa mwaka zikinyesha tutapanda miche ya kubebeshwa aina ya Hass, Insha'Allah. Miche hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo miaka mitatu hiyo ni ya mifuko yetu wenyewe, na tunalisema wazi ili waumini watuulize.

Je, mwalimu atabaki? Hatujui. Ametueleza kwa uaminifu kwamba ameitwa kufundisha mjini kwao, karibu na mama yake, mahali ambapo mtoto wake hakohoi usiku. Amesema kwamba alirudi kwa ajili ya vijana kumi na mmoja wa Makambako, kwa kuwa si haki kumwacha mwanafunzi katikati ya njia, na kwamba baada ya Novemba ataamua. Hatukumshinikiza. Mtu aliyelipwa haki yake ana uhuru wa kuondoka, na kumlipa hakukuwa hongo ya kumzuia.

Ila tumefanya jambo moja dogo. Ijumaa iliyopita akina mama wa darsa walikwenda nyumbani kwake na fundi, wakaziba nyufa za madirisha ya chumba cha watoto, wakatandika zulia lile jipya ambalo kamati ilikuwa imelinunua kwa ajili ya kiblani. Safu ya kwanza sasa inaswali juu ya mkeka wa zamani. Hakuna aliyelalamika. Siku hiyo hiyo jioni mwalimu alimpigia simu mama watoto. Hatukusikia walichozungumza. Tulichokiona ni kwamba alipomaliza aliingia madrasani akaketi mahali pake, akafungua daftari na kuanza kuita majina. Walioitika walikuwa 58.

Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi walimu wetu wote katika baridi na joto, awape subira na afya, na atupe sisi tunaowasimamia khofu ya kuwadhulumu. Na wewe msomaji, kabla ya kuikunja gazeti hii, jiulize: mwalimu wa mwanao amelipwa mwezi huu? Kama hujui, kamuulize leo.

Wabillahi Tawfiq.